Kuacha Unasihi na Kuingia Kazi ya Chapa: Mwongozo Kamili

Kazi zote mbili zina mtu anayeitwa mteja, na hapo ndipo wengi wanaohama wanapojikwaa. Mteja wa unasihi, yaani ushauri nasaha, anakaa mbele yako, unamsikiliza, unamuuliza, na mwiko wa kwanza uliofundishwa chuoni ni kumwamulia. Mteja wa chapa, yaani anayetaka biashara yake iwe na jina na mwonekano wa kutambulika, naye anakaa mbele yako, unamsikiliza, unamuuliza, kisha anakutolea macho akisubiri umwambie: jina hili, rangi ile, hicho kingine achana nacho. Amelipia hilo. Ukimjibu "wewe mwenyewe unaonaje?" mara tatu mfululizo, atabeba mkoba wake aende kwa kijana wa stationery.

Nilikuwa mshauri nasaha Dar es Salaam kwa miaka tisa, mwanzo katika kituo cha upimaji wa VVU kwa hiari, baadaye kwenye kliniki binafsi. Huko kituoni ndiko nilikoanza kutamani kazi nyingine, ingawa sikujua jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio zilirusha kampeni iliyompa mwanamume mtu mzima anayewawinda wanafunzi jina la Fataki. Haukupita muda mrefu, wasichana wakawa wanalitumia wenyewe mtaani kumfukuza mtu: "Toka hapa, fataki wewe!" Mimi nilikuwa nikieleza jambo hilohilo chumbani, mmoja mmoja, saa nzima kila mmoja. Neno moja lilikuwa limenipita kwa mbio.

Ninachokuandikia hapa ni njia niliyopita, pamoja na pale ambapo ningekata kona tofauti. Ukitaka kushika kitu kimoja tu, shika hiki: masikio unaondoka nayo, mafaili unayaacha. Mambo ya sheria na kodi ninayoyataja ni ya Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Jua kama umechoka au umemaliza

Mshauri nasaha aliyechoka hufikiri amepata wito mpya. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, mwaka 2019, liliuweka kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na likautambua kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi hufanyi tena kazi yenye tija. Ukijiona kwenye yote matatu, usiandike barua bado. Chukua likizo yako yote. Omba upunguziwe watu kwa siku. Kisha jiulize: kama ningekuwa naona watu wanne badala ya wanane, na mshahara unaingia kwa wakati, bado ningetaka kuondoka?

Kama jibu bado ni ndiyo, jaribu kazi yenyewe kabla ya kuipenda kwa mbali. Kwa wiki nane, kila Jumamosi, fanya kazi ya chapa ya mtu halisi mwenye biashara halisi na tarehe ya mwisho. Mtoze hata kama ni kidogo, kwa sababu kazi ya bure haina mtu wa kuikosoa. Kupenda kuchora ni jambo moja. Kuchora kitu kilekile mara ya sita kwa sababu shemeji wa mteja hapendi kijani ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 2: Funga chumba cha unasihi kwa heshima

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. Hiyo ni notisi unayompa mwajiri. Watu unaowahudumia wanahitaji zaidi. Mtu aliyekueleza kifo cha mtoto wake hawezi kuambiwa wiki ya mwisho kwamba Jumatatu ijayo hautakuwepo. Mimi niliwaambia baadhi yao vikao viwili tu kabla, na mmoja hakurudi hata kwenye kikao cha mwisho. Laiti ningeanza miezi mitatu mapema.

Fanya hivi. Acha kupokea watu wapya kwanza. Kisha wagawe ulionao katika mafungu matatu: wanaokaribia kumaliza, ambao utawafikisha mwisho mwenyewe; wanaohitaji kuendelea, ambao utawakabidhi kwa mshauri mwingine; na walio kwenye hatari, kama wenye mawazo ya kujiua au wanaoishi na mtu anayewapiga, ambao hawapewi namba ya simu kwenye karatasi wakaachwa watafute wenyewe. Hao unawapeleka kwa mkono, mnakaa watatu kikao kimoja, unahakikisha miadi inayofuata imeandikwa. Kwa kila mtu panga kikao cha kuagana. Usikigeuze kuwa hadithi ya ndoto zako mpya. Sentensi moja inatosha: "Nabadilisha kazi, na si kwa sababu yako."

Mafaili hubaki kwenye taasisi. Kama ulikuwa na ofisi yako, kubaliana kwa maandishi ni nani atayatunza, kwa muda gani, na mteja akitaka taarifa zake aende wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na sheria hiyo haiangalii kwamba siku hizi unachora nembo. Futa sauti na ujumbe kwenye simu yako. Angalia na WhatsApp ya kompyuta ya kazini, wengi huisahau.

Siri haina tarehe ya mwisho. Hutatumia kisa cha mteja wa zamani kwenye ukurasa wako wa Instagram, hata ukibadilisha jina, hata kama kinafundisha. Dar ni kubwa, lakini Mbagala ni ndogo.

Usijitoe kwenye chama chako cha taaluma mwaka wa kwanza. Ada ya mwaka ni nafuu kuliko kuanza upya endapo utarudi, na kurudi si aibu.

Hatua ya 3: Hesabu ya pesa kabla ya barua

Usihesabu mafao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mtaji. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, liliondolewa katika mageuzi ya 2018, na fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Andika matumizi yako ya kweli ya miezi mitatu iliyopita, michango ya harusi na misiba ikiwemo. Zidisha wastani wa mwezi kwa sita. Hiyo ndiyo akiba ya kuwa nayo, au la, punguza siku za unasihi badala ya kuacha moja kwa moja. Mimi nilibaki na siku mbili kwa wiki kwa muda wa mwaka mzima. Watu walidhani nasitasita. Nilikuwa nalipa kodi ya nyumba.

Hatua ya 4: Jifunze ufundi, lakini anzia kwenye kanga

Mtaani wanasema "brandi" na wanamaanisha logo. Ni kosa lenye gharama, na namna nyepesi ya kulieleza kwa mteja yeyote wa huku ni kumtandikia kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yanayosomeka chini ya mji. Pindo ni mwonekano unaojirudia kila mahali: rangi, herufi, mpangilio. Mji ni ile alama moja ambayo mtu anaikumbuka akifumba macho. Jina ni unachosema na sauti unayokisemea. Mwanamke anayejua kanga hasimami kwenye pindo peke yake. Anasoma jina, na tayari anajua atamvalia nani. Kisha yako yale maneno madogo ya mwenye mali. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, bado linachapa "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na wapo wanaoyatafuta hayo kabla ya kuangalia maua. Logo ni mji tu. Mteja anayelipia mji bila pindo wala jina amenunua kipande cha kitambaa.

Kwa upande wa zana, usinunue kozi kumi. Jifunze programu moja ya kuchora kwa vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa toka kadi ya biashara hadi ubavuni mwa lori bila kuvunjika. Inkscape ni ya bure na inatosha kuanzia. Illustrator ndiyo utakayoikuta kwenye ofisi kubwa. Canva ni nzuri kwa mabango ya haraka, ila nembo iliyotokana na templeti yake usiipeleke kusajiliwa, kwa kuwa vipande vilevile anavyo kila mtu. Herufi chukua zenye leseni ya wazi, kama zile za Google Fonts.

Halafu nenda Kariakoo ukakae siku nzima kwa mchapishaji. Hakuna darasa litakalokufundisha haraka namna hiyo. Utaona bluu nzuri ya kioo cha simu ikitoka zambarau kwenye karatasi, kwa sababu skrini inachanganya mwanga na mashine inachanganya wino. Utaona logo yenye mistari myembamba kama nywele ikipotea kwenye sandarusi. Tangu siku hiyo kila nembo yangu hupita majaribio manne kabla mteja hajaiona: iwe nyeusi tupu, iingie kwenye muhuri wa mpira, ikae ndani ya duara la picha ya WhatsApp, na mdarizi wa fulana akubali kuidarizi.

Kuhusu "saikolojia ya rangi": kwa kuwa umetoka kwenye saikolojia, watu watakutarajia useme nyekundu inaleta njaa na bluu inaleta imani. Usiseme. Rangi zinabeba kilichozoeleka mahali pake. Hapa kwetu nyekundu na nyeupe ni Simba, kijani na njano ni Yanga, na kijani na njano hizohizo ni CCM. Yule shemeji asiyependa kijani hakuwa na tatizo la kina. Alikuwa Simba.

Hatua ya 5: Geuza mahojiano ya kwanza kuwa hojaji ya chapa

Hapa ndipo unapowazidi waliosomea kuchora. Katika unasihi ulijua kwamba tatizo analoingia nalo mtu mlangoni mara nyingi si lile lililomleta. Kwenye chapa, tatizo la mlangoni linaitwa "nataka logo".

Mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Mwanza alikuja kwangu na maelekezo kamili. "Dada, mimi nataka logo tu. Weka ziwa, weka samaki, weka na jua linachomoza." Nilimuuliza maswali manne ninayomuuliza kila mtu mpaka leo:

- Mtu wa mwisho aliyenunua kwako, nisimulie alivyofika, alivyoshika bidhaa, na alichosema.
- Mtu wa mwisho aliyeangalia akaondoka, unadhani aliogopa nini?
- Ni kazi gani unayoifanya ambayo mnunuzi haioni?
- Biashara hii ikifa kesho, nani atalalamika kwanza?

Angalia: hakuna linaloanza na "kwa nini". Ulishajifunza kwamba "kwa nini" humfanya mtu ajitetee. Na baada ya kuuliza, nyamaza. Ule ukimya wa sekunde kumi uliouzoea chumbani, wabunifu wengi hawauwezi. Wanaujaza na mapendekezo.

Swali la pili mama alilijibu kwa haraka: bei. Sikumwamini. Nilitumia asubuhi mbili kuongea na wanawake wanaonunua dagaa, sokoni Tandika na kwenye maduka ya Mbezi. Hakuna aliyetaja bei kwanza. Walitaja mchanga. Kuosha maji matano. Jino kukwaruza mezani mbele ya wakwe. Na nikaona kitu ambacho hakuna hojaji ingekitoa: kila mmoja aliponyanyua pakiti, aliigeuza akaangalia chini, kwa sababu mchanga hukaa chini.

Nikarudi kwa mama na swali la tatu. Dagaa wake wanaanikwa wapi? "Kwenye vichanja, mwanangu. Mimi siwaaniki chini." Alilisema kama mtu anayetaja kwamba huwa ananawa uso asubuhi. Hakuwa amemwambia mnunuzi hata mmoja.

Kwa hiyo lebo ilipanda juu ya pakiti, sehemu ya chini ikabaki nailoni tupu inayoonesha kila kitu, na maneno makubwa yakawa "Wamekaukia kwenye chanja". Mji wake ni mistari mitano iliyopishana, chanja. Aliuliza ziwa lake liko wapi, na hapo ndipo nilipolazimika kuacha unasihi kwa kweli. Nilimwambia: ziwa kila muuza dagaa analo, chanja unalo wewe, sikushauri uweke ziwa. Alinuna siku mbili. Kusema hivyo bila kutetemeka kulinichukua muda mrefu kujifunza kuliko Illustrator.

Maelezo yako ya mwisho kwa mteja yaingie ukurasa mmoja: mnunuzi ni nani, anaogopa nini, tunamwambia nini, kwa sauti gani, na nini hatutafanya. Mteja asaini kabla hujafungua kompyuta kuchora.

Hatua ya 6: Jina na usajili

Jina litamke kwa sauti, kisha lipeleke kwa watu wa mikoa na nchi tofauti. "Chai" ni kinywaji, lakini kijana wa Dar akisema "hiyo chai" anamaanisha uongo, na Nairobi chai ni hongo. Kampuni ya mikopo yenye neno hilo itachekwa pande zote za mpaka.

Tafuta jina kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye majina ya biashara na kwenye alama za biashara, kwa kuwa ni daftari mbili tofauti. Mteja mara nyingi hudhani kusajili jina la biashara kumemlinda. Hakumlindi kama alama ya biashara inavyomlinda. Alama inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, yako 45. Dagaa waliokaushwa wako daraja la 29, na huduma za matangazo daraja la 35. Usajili wa Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha unahuishwa kila miaka 10. Hauvuki maji: Zanzibar ina daftari lake chini ya wakala wake wa usajili, BPRA.

Kwenye vifungashio acha nafasi ya bakodi, na usichore alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, kabla mteja hajapewa leseni ya kuitumia, hata akikubembeleza kwamba "iko njiani".

Wewe mwenyewe unahitaji jina la biashara, TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) wanaitoa bure, na leseni ya biashara kutoka halmashauri.

Hatua ya 7: Bei na mkataba

Washauri nasaha tuna ugonjwa wa bei ndogo. Tumezoea kuona kulipwa kama jambo la kuomba radhi. Acha hesabu iseme badala yako. Tuseme nyumbani unahitaji Sh 900,000 kwa mwezi na biashara inakula Sh 250,000: jumla 1,150,000. Ukitaka asilimia 20 ya mapato ibaki kwa kodi na akiba, unatakiwa kuingiza karibu 1,437,500. Siku za kulipwa hazitakuwa 26. Zitakuwa kama 10, nyingine ni kutafuta wateja, foleni na kuchapa upya. Siku yako moja ni Sh 143,750. Kazi ya siku tisa haiwezi kuwa laki tatu, hata kama kijana wa stationery anafanya kwa elfu hamsini. Yeye anauza mji. Wewe unauza kanga nzima, na mteja asiyetaka kanga nzima mwache aende kwa amani.

Malipo: nusu kabla ya kuanza, asilimia 30 mteja akikubali wazo, 20 kabla ya kukabidhi mafaili ya mwisho. Kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake. Ni pesa yako inayohesabiwa kwenye kodi ya mwaka.

Mkataba uwe mfupi, lakini haya yasikose: marekebisho ni mara mbili, ya tatu inalipiwa, anayeamua ni mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, shemeji atoe maoni kupitia kwake, haki za kazi zinahamia kwa mteja akimaliza malipo, na unaruhusiwa kuonesha kazi hiyo kwa wateja wengine. Kikao kiwe na saa ya kuanza na saa ya kuisha. Hilo ulilifanya miaka yote chumbani, usiliache sasa kwa sababu mazungumzo yamehamia kwenye mgahawa.

Wateja wa chapa nao watalia mbele yako. Biashara ni ndoa, urithi, ndugu waliogombana. Mpe maji, sikiliza, na usianze kikao cha tiba. Mwelekeze kwa mwenzako wa zamani, kisha mrudi kwenye hojaji.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza

Fungua laini mpya ya simu kwa kazi mpya. Ile ya zamani ibaki hewani miezi kadhaa, na ujumbe ulioandaa mapema wenye jina la mshauri uliyemkabidhi kazi na mahali pa kwenda kwa dharura.

Mteja wako wa unasihi atakuja siku moja kutaka logo. Mimi nakataa, namwelekeza kwa mbunifu mwingine mzuri, na simwelezi sana. Anayajua maisha yangu kidogo, mimi nayajua yake yote. Hapo bei haiwezi kujadiliwa kwa haki.

Mwisho, rudisha usimamizi. Katika unasihi ulikuwa na msimamizi uliyempelekea visa vigumu kila mwezi, lakini wabunifu wengi hawana mtu wa namna hiyo. Tafuta mmoja aliyekutangulia, mlipe au mnunulie chakula, na mara moja kwa mwezi mwekee mezani ile kazi ambayo mteja aliikataa. Mimi wa kwangu hukutana naye Kariakoo, nyuma ya mashine za kuchapia, mahali ambapo huwezi kusema kwa muda mrefu kwa sababu ya kelele. Ananyoosha kidole palipoharibika, ananyamaza, na mimi najua ananisubiri niseme.